Koleo Lilivunjika, Uhunzi Ukaendelea

Kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, na sasa nimeshindwa kunyamaza. Husemwa na watu waliosoma Ujerumani wakarudi na shahada zao. Husemwa na wachambuzi wa siasa za nje. Siku hizi husemwa hata na vijana wa Nairobi wanaojifunza Kijerumani usiku ili wakapate kazi ya uuguzi huko. Maneno yenyewe ni haya: Wajerumani walishamalizana na Unazi. Baada ya vita walibaki vichaa wachache wa kuvaa magwanda na kupiga kwata msituni, serikali ikawapiga marufuku, wakaisha.

Nataka kuyapima maneno hayo kwa kikundi kimoja tu, ambacho habari zake zimeandikwa na kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 40: Wehrsportgruppe Hoffmann, yaani Kikundi cha Hoffmann cha Michezo ya Kijeshi. Kwanza nitawatendea haki wenye maoni haya, kwa sababu wana hoja, tena hoja zenye uzito.

Wao husema hivi. Kikundi kilianzishwa mwaka 1973 na Karl-Heinz Hoffmann, msanii wa michoro kutoka Nuremberg. Kilifikisha wanachama takriban 400. Mwisho wa wiki walikusanyika katika misitu ya Franconia, kaskazini mwa Bavaria, na sare zao, helmeti zao na malori ya mitumba ya jeshi. Mwaka 1978 Hoffmann akahamia kwenye jumba kubwa la kale katika kijiji cha Ermreuth, nalo likawa makao makuu. Tarehe 30 Januari 1980 Waziri wa Mambo ya Ndani wa serikali ya shirikisho, Gerhart Baum, akakipiga marufuku. Polisi wakavamia, wakaondoka na shehena ya malori 18. Hoffmann akashtakiwa, akafungwa. Kwa jina lile kikundi hakikuinuka tena. Na damu iliyomwagika baadaye ilimwagwa na mtu mmoja mmoja. Waendesha mashtaka walichunguza wakasema hivyo, mahakama ikasikiliza ikasema hivyo. Katika nchi ya sheria mtu hatiwi hatiani kwa sababu ya rafiki zake. Sheria ilifanya kazi yake, kwa nini basi tuendelee kufukua?

Nimeieleza hoja kama wenyewe wangeieleza. Sasa naipinga, kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho.

La kwanza: kwamba walikuwa wakicheza

Hoffmann alijua kupigwa picha. Alifuga puma. Alikuwa na masharubu ya kijemadari na koti la kijeshi, na waandishi wa habari walipenda kumfuata wakapige picha za gari la jeshi likikwama matopeni huku vijana wakisukuma. Msomaji wa gazeti aliona kituko. Franz Josef Strauss, waziri mkuu wa jimbo la Bavaria, naye aliona kituko. Marufuku ilipotoka aliibeza hadharani. Kumbuka kwamba marufuku yenyewe ilitoka Bonn, makao ya serikali ya shirikisho. Haikutoka Munich, ambako serikali ya jimbo ilikuwa imekaa na kikundi hicho mlangoni kwake kwa miaka saba.

Lakini vijana hawa walikuwa wakifundishwa nini pale msituni? Kuvizia, kushambulia, kutii amri bila kuuliza. Na kiongozi wao alikuwa ameandika ilani ya utawala anaoutaka: utawala wa wateule wachache, wananchi wakiwa hawapigi kura. Desemba 1976 watu wake walikwenda Tübingen, chuo kikuu, kulinda mkutano wa wanafunzi wa mrengo wa kulia, na siku hiyo ikaishia kwa kupigana na watu kujeruhiwa. Yote hayo waliyajua mapema wale ambao kazi yao ni kujua. Mtu akikusanya vijana 400, akawafundisha vita, akawapa adui na akawaambia uchaguzi ni upuuzi, huyo hachezi. Neno "michezo" lilikuwa kwenye jina la kikundi kwa sababu lilimfaa Hoffmann, na inasikitisha kwamba liliwafaa pia waliopaswa kumzuia.

La pili: kwamba marufuku ilikimaliza

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu kalenda peke yake inatosha kuibomoa hoja hii.

Marufuku ilitangazwa mwisho wa Januari 1980. Hoffmann hakustaafu. Alikuwa na biashara ya kuuza magari ya kijeshi yaliyotumika, na biashara hiyo ikampeleka Lebanoni. Huko, karibu na Beirut, ndani ya kambi ya wapiganaji wa Kipalestina, alikusanya wafuasi wake wapatao 15 na kuendelea na mafunzo, safari hii kwa silaha halisi na mabomu halisi. Kile kilichokuwa kwata ya msituni Franconia kikawa mafunzo ya vita. Nidhamu ndani ya kambi ilikuwa ya kutisha. Kijana mmoja mwanachama aliteswa na wenzake na hakuonekana tena.

Baadhi ya waliopitia kambi ile walirudi Ujerumani na kuunda kikundi kingine. Mwaka 1982 Odfried Hepp na Walther Kexel, na vijana wachache pamoja nao, walipora benki na kutega mabomu kwenye magari ya wanajeshi wa Marekani katika eneo la Frankfurt. Askari wakajeruhiwa. Hepp, imekuja kujulikana, alikuwa pia akiitumikia idara ya ujasusi ya Ujerumani Mashariki, nchi iliyojiita ngome ya kupinga ufashisti.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baum alivunja koleo, na alifanya vema. Simlaumu kwa hilo hata kidogo, maana alikuwa karibu peke yake katika kuiona hatari. Ninaowalaumu ni wale wanaonyanyua vipande vya koleo na kutuonyesha kama ushahidi kwamba hakuna mhunzi tena. Marufuku huondoa jina, bendera, akaunti ya benki na magari. Haiondoi mafunzo yaliyomo mikononi mwa mtu. Haiondoi orodha ya namba za simu. Ilihitajika serikali iwafuate wale 400 mmoja mmoja, ijue nani kaenda wapi na nani anafanya nini, na hiyo ndiyo kazi iliyofanywa kwa ulegevu.

Tunajua ilifanywa kwa ulegevu kwa sababu tunajua kilichotokea ndani ya miezi minane.

La tatu: kwamba alikuwa mtu mmoja

Ijumaa, tarehe 26 Septemba 1980, saa nne na dakika 19 usiku. Munich, lango kuu la uwanja wa Theresienwiese, sherehe ya Oktoberfest. Watu wanatoka, wamejaa njiani, wengine wamebeba watoto. Kwenye pipa la taka karibu na lango kuna mtungi wa kuzimia moto, na ndani ya mtungi huo kasha la kombora lililojazwa baruti kali. Unalipuka. Wanakufa watu 12, na wa 13 ni aliyelibeba bomu lenyewe. Zaidi ya watu 200 wanajeruhiwa, wengine wakipoteza miguu. Miongoni mwa waliokufa ni ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 8. Kesho yake asubuhi damu ilikuwa imeoshwa, na sherehe ikaendelea.

Aliyelibeba ni Gundolf Köhler, mwanafunzi wa jiolojia, umri wake miaka 21, kutoka Donaueschingen. Juu ya kitanda chake nyumbani alikuwa ametundika picha ya Hitler. Alikuwa ameshiriki mazoezi ya kikundi cha Hoffmann, na alikuwa ameandikiana barua na Hoffmann mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku tisa kufikia uchaguzi mkuu, na Strauss alikuwa mgombea wa ukansela. Mara baada ya shambulio Strauss alielekeza lawama kwa mrengo wa kushoto na kwa waziri Baum. Baadaye rafiki wa Köhler waliwaambia polisi kwamba aliwahi kuzungumza kabisa juu ya bomu kabla ya uchaguzi, ili lawama iwaangukie wa kushoto na Strauss apite.

Mwaka 1982 jalada lilifungwa. Köhler, ikasemwa, alikuwa peke yake: kijana mpweke aliyefeli mtihani, aliyekata tamaa na kuichukia dunia. Siasa iliwekwa kando.

Sisemi Hoffmann alimtuma. Hakuna mahakama iliyothibitisha hivyo, na mimi sina ushahidi ambao wao hawakuwa nao. Swali langu ni hili: huo upweke wa Köhler ulithibitishwaje? Tuangalie vielelezo. Kwenye kisahani cha majivu ndani ya gari lake vilikutwa vipisi 48 vya sigara, vya chapa sita mbalimbali. Mtu mmoja havuti chapa sita. Vipisi hivyo vilitupwa. Pale langoni kiliokotwa kipande cha mkono. Kilipotea. Mwaka 1997 vielelezo vilivyobaki viliteketezwa kwa maelezo kwamba kesi imekwisha na stoo inahitaji nafasi, wakati ambapo vipimo vya vinasaba vilikuwa tayari vikitumika na vielelezo vya mwaka 1980 vingeweza kuanza kusema. Kisha, mwanahabari Ulrich Chaussy na wakili wa majeruhi, Werner Dietrich, walipokuwa wamegonga mlango kwa miaka na miaka, jalada likafunguliwa upya Desemba 2014. Likafungwa tena Julai 2020. Safari hii ilikiriwa kwamba Köhler aliua kwa itikadi ya mrengo wa kulia. Juu ya washirika, wapelelezi walisema hawakupata ushahidi wa kutosha.

Hawakupata. Wangeupata wapi, kama wale waliowatangulia waliutia motoni? Ukichoma vielelezo kisha ukatangaza kwamba hakuna kielelezo, hujathibitisha kwamba muuaji alikuwa peke yake. Umethibitisha kwamba ulichoma. Na wanaoutumia uamuzi huo leo kama ngao ya kikundi kilichopigwa marufuku wanaomba tukubali kutojua kana kwamba ni kujua.

Nasonga mbele siku 84. Ijumaa nyingine, tarehe 19 Desemba 1980, jioni, mji wa Erlangen, mwendo mfupi wa gari kutoka Ermreuth. Shlomo Lewin, umri miaka 69, mchapishaji vitabu na mwenyekiti wa zamani wa jumuiya ya Wayahudi ya Nuremberg, yuko nyumbani na mwenza wake Frida Poeschke. Kengele ya mlango inalia. Anafungua. Wote wawili wanapigwa risasi kwa bunduki iliyofungwa kizuia sauti cha kutengenezwa kwa mkono.

Muuaji alisahau kitu: miwani ya jua. Ilibaki pale sakafuni. Ilikuwa miwani iliyotengenezwa na kampuni ya mji wa jirani, nayo ilikuwa mali ya mwanamke aliyekuwa akiishi na Hoffmann jumbani kule Ermreuth. Kielelezo cha namna hiyo kingemwongoza hata mpelelezi wa wiki ya kwanza kazini. Lakini wapelelezi walianza kwa kumchimba Lewin. Walichunguza jumuiya yake, biashara yake, rafiki zake Wayahudi, na magazeti yakaandika kwa kumtilia shaka marehemu. Wakati huo muuaji, Uwe Behrendt, mtu wa karibu wa Hoffmann, alikuwa na muda wa kutosha wa kutorokea Lebanoni. Alikufa huko mwaka 1981 kwa kujiua. Hakusimama kizimbani.

Kesi ilipofika mahakamani Nuremberg mwaka 1984, Hoffmann alikiri kwamba Behrendt alimweleza baada ya tendo na kwamba alimsaidia kuondoka. Mwaka 1986 mahakama ilimwachia huru kwa shtaka la mauaji. Alifungwa miaka tisa na nusu kwa makosa mengine: fedha bandia, silaha, baruti, kuwatesa watu wake. Mwaka 1989 alikuwa nje. Kuhusu mauaji, hukumu ilisema Behrendt alifanya peke yake.

Basi hesabu inakuwa hivi. Kikundi kimoja, mwaka mmoja, siku 84 kati ya tukio na tukio, watu 14 wasio na hatia wamekufa, na wauaji wawili, kila mmoja "peke yake". Mmoja alijifunza kwenye misitu ileile, mwingine aliishi kwenye jumba lilelile. Sheria ina haki ya kudai ushahidi wa kila shtaka kabla ya kumfunga mtu, na siombi vinginevyo. Lakini kiwango cha ushahidi wa kumfunga Hoffmann ni jambo moja, na uelewa wa raia kuhusu kikundi ni jambo jingine. Wanaosema "walikuwa watu binafsi" wanachukua kiwango cha mahakama na kukigeuza kuwa historia. Historia inaruhusiwa kuuliza nani alimfundisha, nani alimlisha, nani alimficha, na nani alimpa adui wa kumchukia.

La nne: kwamba ni wachache

Hili ni fupi. Wachache walitosha kuua watu 14 mwaka 1980. Wachache zaidi, watatu wakiwa kiini pamoja na wasaidizi wao, ndio waliojiita NSU, kikundi cha siri cha Wanazi mamboleo, wakaua watu 10 kati ya mwaka 2000 na 2007. Tisa kati ya hao walikuwa watu wa asili ya Uturuki na Ugiriki, wa kumi polisi wa kike. Mauaji ya kwanza, ya muuza maua Enver Şimşek, yalifanyika Nuremberg, Septemba 2000, na watatu kati ya hao kumi waliuawa katika mji huohuo. Na polisi wakafanya nini? Waliwachimba waliouawa kama walivyomchimba Lewin. Kikosi cha upelelezi kilipewa jina Bosporus, yaani jibu liliwekwa kwenye jina kabla ya swali kuulizwa. Polisi walifungua hata kibanda cha kebabu Nuremberg wakingoja wahuni wa Kituruki waje kudai pesa ya ulinzi. Wajane walihojiwa kuhusu dawa za kulevya. Ukweli ulijulikana Novemba 2011, baada ya wauaji wawili kujiua, na siku chache baadaye ofisa wa idara ya usalama wa ndani akachana mafaili kwa mashine.

Je, polisi wa mwaka 2000 wangemtafuta muuaji Mnazi haraka zaidi, kama mwaka 1982 jalada la Munich lingefungwa kwa maneno ya kweli? Naamini wangemtafuta. Mpelelezi hujifunza kutokana na kesi zilizotangulia, na yeye alikuwa amefundishwa kwamba Ujerumani haina ugaidi wa mrengo wa kulia, ina vijana wenye matatizo tu.

Gharama

Wanaosema "yamekwisha" hawakuwahi kuulizwa nani analipa. Majeruhi wa Oktoberfest waliishi miaka 40 na vipande vya chuma mwilini, wakienda ofisi moja hadi nyingine, wakiambiwa wameumizwa na kijana mwenye huzuni za mapenzi na mtihani. Mtu aliyepoteza mguu alitakiwa kuthibitisha kwa madaktari kwamba bado anaumwa. Mfuko wa euro milioni 1.2 kwa ajili yao ulitengwa miaka 40 hivi baada ya shambulio. Wengi walikuwa wameshazikwa. Familia ya Lewin ilibeba kashfa juu ya msiba.

Na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiniambie haya hayamhusu. Mwafrika alikuwa kwenye orodha ya adui tangu zamani. Alberto Adriano wa Msumbiji, aliyekwenda Ujerumani Mashariki kama mfanyakazi wa mkataba, akaoa na kuzaa huko, alipigwa na vijana watatu wa Kinazi katika bustani ya mji wa Dessau, Juni 2000, akafa. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira, na vijana wetu wanafunga mabegi. Wana haki ya kwenda, na wengi watapokelewa vizuri na Wajerumani wema ambao wamepigana na Unazi maisha yao yote. Lakini wana haki pia ya kuambiwa ukweli kabla ya ndege kuruka. Ukipigwa ukaenda polisi, sisitiza waandike maneno aliyoyasema aliyekupiga. Taja beji aliyovaa. Usikubali karatasi iandikwe "ugomvi wa walevi".

Nimalizie Ermreuth. Katika kijiji hicho kuna sinagogi lililojengwa mwaka 1822. Wanazi walilivunja ndani mwaka 1938, na Hoffmann alipohamia jumbani lilikuwa halina ibada tena. Kwa miaka mingi baada ya vita lilitumika kama ghala. Lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 1994. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya wa 2023, kijana mmoja alivunja dirisha la sinagogi hilo akijaribu kutupa fataki ndani.